Kibao cha Shaba Mbele ya Kitanda cha Mama

Nilipata kuamini, kwa moyo mkunjufu na cheti cha skuli ya usiku mkononi, kwamba majini wa Bahla, ule mji wa Oman unaosifika kwa uchawi, hawasomi Kiarabu.

Habari hii aliniletea shemeji yangu, mume wa dada yangu, ambaye huendesha gari la maji baina ya Ibra na Bidiya na husikia mambo ya dunia siku mbili kabla hayajatokea. Alisema majini wale walifunzwa kusoma zama za Nabii Suleiman, walipokuwa wakibebeshwa mawe ya ujenzi. Waliposhika zile herufi za Bani Israil, basi, wakafunga madaftari. Tangu hapo hakuna jini hata mmoja aliyerudi skuli.

"Kisomo jini anakisikia, hilo halina ubishi," alisema shemeji, akinywa chai yangu ya tatu. "Lakini hati ya kutundika ukutani lazima aisome mwenyewe. Ukimwandikia kwa Kiarabu, anaitazama kama weye unavyotazama maandishi ya Kichina kwenye kopo la uyoga."

"Na mtu aliyepotewa na akili je?"

"Akili si zimechukuliwa na jini? Zimo kwenye kapu huko Bahla, pamoja na za wengine. Tafuta kibao cha Kiyahudi, kile cha taa saba, kitundike mbele ya mgonjwa. Jini akija anakuta hati ya bwana wake wa zamani. Siku arubaini tu, anazirudisha akili kwa mkono wake, na samahani juu."

Mtu aliyesoma mchana angecheka. Mie nilimaliza skuli nina miaka arubaini na moja, katika madarasa ya watu wazima yaliyoanza baada ya magharibi, nimekaa baina ya askari mstaafu na mzee mwenye wajukuu kumi na wanane ambaye alikuwa akinakili kwangu. Kabla ya hapo niliishi Oman miaka chungu nzima nikisoma vibao vya barabarani kwa kubahatisha. Siku moja nilikuwa naenda Sur kwenye harusi nikafika karibu na Yemen. Basi niliposikia kuna viumbe walioshika herufi za aina moja wakakwama hapohapo, sikuona ajabu. Niliwaonea huruma. Nikasema, hawa wenzangu.

Mgonjwa mwenyewe alikuwa mama yangu.

Mama alizaliwa Unguja mjini, akaja Ibra na sanduku moja, watoto wawili na Kiswahili kilichonyooka kama uzi wa fundi. Ni yeye aliyenisukuma skuli. Kila usiku nikirudi hukuta chakula kimefunikwa kwa kawa, na yeye amekaa mbele yake kama hakimu, mkono ameunyoosha: lete daftari. Hesabu hakujua, jiografia hakujua, lakini alisoma chuoni utotoni, na Kiarabu changu alikuwa akikisikiliza macho kafumba. Nikikosea irabu moja, hufumbua jicho moja. Nikikosea mbili, kawa haifunuliwi. Nilipofaulu mtihani wa mwisho alitangaza mtaa mzima kwamba mwanawe amekuwa daktari, na kwa wiki mbili majirani walikuwa wakinionyesha vidonda vyao.

Tangu siku hizo aliniita "mwanafunzi wangu". Jina hilo lilikuwa langu peke yangu. "Mwanangu" si ushahidi wa kitu. Mama humwambia kila mtu, muuza samaki mwanangu, askari wa barabarani mwanangu. Lakini "mwanafunzi wangu" alikuwa mmoja duniani.

Halafu akaanza kusahau. Kwanza chumvi: wali unatiwa mara tatu au hautiwi kabisa. Kisha majina ya wajukuu. Kisha Kiarabu chote kikamtoka, kama maji yanavyotoka kwenye falaji, ule mfereji wa mashamba, ukizibuliwa, kikabaki Kiswahili cha Unguja na Sala yake. Kisha mimi. Siku aliyonipoteza nilikuwa nimemshikia sahani ya papai. Akachukua kipande, akanitazama vizuri, akauliza: "Na weye mtoto wa nani, mwanangu?"

Daktari wa hospitali alinieleza kwa upole kwamba ugonjwa huu unakwenda mbele tu, haurudi nyuma. Nilimshukuru. Nilipotoka nje nikamwambia dada yangu yule daktari bado kijana, hana uzoefu.

Nilichokuwa nakitaka ni kidogo. Sikutaka apone yote, apike, atambue mwezi. Nilitaka aniite mwanafunzi wangu mara moja, akijua anamwambia nani.

Kwa hiyo nikaenda Nizwa.

Soko la Nizwa nililizunguka siku nzima kama mtu aliyepoteza mbuzi. Kwa kila muuza vitu vya kale nilieleza ninachokitaka, na kila mmoja alinionyesha kitu kingine: bunduki, kidani, buli la kahawa, mkeka. Wa mwisho, mzee mwenye duka jembamba kama shimo la ufunguo, alinisikiliza hadi mwisho, akaingia nyuma ya masanduku, akatoka anakifuta kwa shati lake.

Kilikuwa kibao cha shaba, ukubwa wa sinia ya kahawa, kimegongwa kwa ndani hata picha zikatokeza nje. Simba wawili wamesimama kwa miguu ya nyuma, wanashikilia taji kwa pamoja kama watu wanaohamisha kabati. Chini ya taji ile taa ya matawi saba. Katikati herufi nne kubwa, na pembeni herufi ndogondogo zimekizunguka chote kama sisimizi wanaorudi nyumbani.

"Ya Kiyahudi?" nikauliza.

"Ya Kiyahudi," akasema. "Ilikuwamo katika vyombo vya Mzungu mmoja aliyehama Maskati."

"Imeandikwa nini?"

"Lau ningejua, ningekuwa hapa?"

Jibu hilo lilinitosha. Kitu ambacho hata muuzaji hakijui ndicho chenye nguvu. Nilikifunga mkanda kwenye kiti cha mbele, na kutoka Nizwa, nikapita Birkat al Mauz, mpaka Ibra nilikuwa nikikiamkia kila nikisimama kwenye taa za barabarani. Sikumbuki kuwa na furaha namna ile tangu matokeo ya mtihani.

Nyumbani mama anatunzwa na mwanamke wa Tanga, mtu mzima mwenye watoto wake huko kwao, ambaye ananiita kaka, nami namwita dada, na hanionei haya hata kidogo. Aliniona naingia na nyundo.

"Kaka, hicho nini?"

"Dawa."

"Dawa gani ina simba?"

"Dawa ya akili. Hii hati."

Akaisogelea, akaizunguka, akainusa. "Malaika hawaingii nyumba yenye sanamu."

"Hii si sanamu dada, hii shaba."

"Na hao simba wa nini, wa unga?" Akaing'ang'ania nyundo. "Tena ukuta wa kibla hakikai, mie nikiwa hai. Bibi anaswali pale. Utamfanya asujudie paka?"

Hapo alisema kweli, na mimi si kafiri, ni mwana mwenye haja tu. Ukuta wa kibla una kabati la nguo na mswala wa mama. Tukakubaliana kwenye ukuta unaoukabili, ule jua linapochomozea, juu ya meza ya dawa. Nikapiga msumari. Mama alikuwa amekaa kitandani, anatuangalia tunavyogombana kama anayetazama mchezo.

"Shikamoo mama," nikamwambia. "Nimekuletea kitu."

"Marahaba. Ahsante, mwanangu. Unataka chai kabla hujaondoka?"

Siku ya tatu alizungumza. Mtu ambaye kwa miezi hakuwa akiuliza kitu chochote isipokuwa saa ngapi, alikinyooshea kibao kidole, akamuuliza dada: "Wale paka wamekunywa maziwa?"

Niliruka. Wallahi niliruka mpaka nikagonga kichwa kwenye kizingiti. Nilimpigia shemeji kazini. Akasema ndiyo hivyo, hati imefika Bahla, sasa iko kwa karani. Nikamwagiza dada aweke kisahani cha maziwa chini ya ukuta. Akaweka, akinitazama kwa jicho ambalo Tanga nzima hulitumia kwa wajinga. Mama akawa kila asubuhi anauliza, na kila asubuhi anaambiwa wamekunywa, na kweli kisahani kilikuwa kitupu, maana dada alikuwa akiyatia kwenye chai yake.

Siku ya kumi na tisa nilipoingia mama alininyooshea mkono. "Umekuja! Taa ya ukumbini haiwaki."

"Ananijua!" nikamwambia dada.

"Amekufananisha na mtu wa umeme."

"Jana nilikuwa si mtu wa yeyote. Leo mtu wa umeme. Huoni napanda cheo?"

Dada hakucheka. Ni mwanamke anayecheka hata akiona mlango umejifunga wenyewe, lakini hakucheka. Akasema, "Kaka, mie nimeuguza mama mkwe wangu miaka sita. Usihesabu siku."

Nikahesabu. Nilichora mistari nyuma ya mlango wa jiko kama mfungwa, na kila mstari niliutia kwa kalamu ileile niliyofanyia mtihani, kwa baraka.

Siku ya ishirini na sita nilirudi kutoka kazini mapema, alasiri, nikamkuta mama amesimama kuswali. Amevaa shela jeupe, mikono kaifunga, maneno yanamtoka taratibu, hayana kosa hata moja. Ila amekipa kibla kisogo. Mswala ameuburura mwenyewe hadi upande wa pili, ameutandika mbele ya meza ya dawa, na uso wake ameuelekeza kwenye shaba ile, ambayo kwa saa ile jua la dirishani lilikuwa likiipiga ikawaka kama jiko.

Dada alikuwa amesimama kando, anangojea atoe salamu. Alipotoa, dada akamshika mabega kwa ulaini, akamgeuza kwenye kabati. "Huku bibi. Kibla huku." Mama akakubali. Dada alipomwachia tu, akarudi kama mlango wenye bawaba nzito.

"Siku ya nne hii," dada akaniambia. "Chumvi kasahau, watoto kasahau, lakini kibla hakuwahi kukikosa. Hata alipokuwa hajui chumba hiki cha nani, kibla alikijua. Sasa umemnunulia kibla cha pili."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuwa nakuona unavyochora mistari yako."

Nilipaswa kukiangua palepale. Nyundo ilikuwa juu ya kabati, naiona. Badala yake niliisikia sauti yangu mwenyewe, ya mtu mwenye cheti, ikisema: "Si anakitazama? Maana yake kinafanya kazi. Zimebaki siku kumi na nne tu."

Dada akanipita. Akaenda akamtandikia mama mswala upya, kwenye kabati, na kila Sala baada ya hapo alikuwa akisimama nyuma yake amemshika mabega mawili mpaka mwisho, kama mtu anayeshikilia ngazi.

Siku ya arubaini ilifika na ikapita. Sikukata tamaa, nimesoma hesabu miye. Nikamtolea jini siku za Ijumaa na Jumamosi, maana hata serikali haifanyi kazi. Nikamtolea mwendo wa kwenda na kurudi. Nikamtolea sikukuu. Kwa hesabu hiyo nilikuwa na wiki mbili mkononi, na wiki mbili hizo nazo nilipanga kuzinyoosha nikihitaji. Mama alikuwa ameanza kukataa kula. Akiwekewa kijiko mdomoni hungojea, amesahau hatua inayofuata.

Nafanya kazi mapokezi, katika kambi ya watalii huko Bidiya, kwenye mchanga. Katika siku hizo za nyongeza alikuja mgeni mmoja mzee sana, na mabinti zake wawili. Pasi yake ya Ulaya, lakini aliponisalimu alinisalimu kwa Kiarabu cha Baghdad, kizito na kitamu. Mabinti walipanda magari wakaenda kurukaruka milimani mwa mchanga. Yeye magoti yake hayaruhusu, akabaki na mimi, kahawa na tende. Alizaliwa Baghdad, akaniambia, wakaondoka yeye mtoto. Nikamwambia nami nilizaliwa kisiwani tukaondoka mimi mtoto. Tukatikisa vikombe.

Kama nilivyokuwa nikimfanyia kila mgeni, nikatoa simu, nikamwonyesha picha ya kibao, nikamsimulia yote: Bahla, hati, kapu la akili. Akavaa miwani ya pili juu ya ile ya kwanza. Akaikuza picha kwa vidole.

"Mimi Myahudi," akasema. "Hiki nakisoma."

Nilisimama. Kama kambi ingekuwa na paa la bati ningelitoboa. Alipofungua mdomo nikamziba kwa kiganja changu hewani: "La! Usinisomee mie. Kisome mbele ya mgonjwa, kwa sauti." Kwani si ndiyo maana kumbe hati haijafanya kazi? Hajapatikana wa kuisoma!

Mzee akaivua ile miwani ya pili. Alikuwa na njia ya kukataa, magoti, safari, mabinti. Akasema, "Nitapita."

Asubuhi ya pili, wakirudi Maskati, gari lao lilisimama mbele ya nyumba yetu Ibra. Dada alikuwa amemvisha mama kanga mpya, amempaka wanja. Mzee akaingia na fimbo yake, na mama alipomwona uso wake ulifunguka. Sijauona uso ule tangu siku za madaftari. Nilijua, nilijua kabisa, kwamba saa imefika.

"Fundi!" mama akamwambia. "Nguo yangu iko wapi?"

"Anasema nini?" mzee akaniuliza.

"Anakudhania fundi wa nguo. Wa Unguja, zamani."

Mzee akainama kwenye fimbo. "Mwambie kesho."

Nikamtafsiria. Mama akapiga kofi godoro. "Kesho, kesho! Kila siku kesho! Idi ikipita nguo utaivaa weye na ndevu zako hizo!" Na akacheka, na dada akacheka, na mzee aliyekuwa hajui neno akacheka pamoja nao. Nami nikaona mlango umefunguka, nikajitosa. Nikapiga magoti mbele ya kitanda nikamshika mikono.

"Mama. Fundi umemjua. Na mimi nani?"

Alinitazama. Alijitahidi, hilo sitalisahau. Macho yalikwenda usoni mwangu huku na huku kama mtu anayetafuta swichi gizani. Kisha akanipigapiga mkono.

"Weye si mtu wa umeme? Ile taa bado, mwanangu."

Dada akageukia dirishani.

Nikamwambia mzee, "Soma." Nilisema kwa sauti ya juu kuliko nilivyokusudia.

Alikisogelea kibao, akapitisha kidole chini ya zile herufi nne, lakini hakusoma kwa sauti kama nilivyomwomba. Aliligeuza bega lake, akaniambia mimi, polepole, kwa Kiarabu chepesi, kama anayehofia nisielewe.

"Neno moja hili. Limeandikwa 'mashariki', basi. Na hizi ndogo za pembeni ni maneno ya sala. Wayahudi wa Ulaya hukitundika nyumbani, na katika sinagogi, kwenye ukuta wa mashariki, ili mtu ajue aswali ameelekea wapi, kwa sababu kwao Baitul Mukaddas iko mashariki. Sisi wa Baghdad hatukuwa nacho, kwetu ilikuwa upande wa magharibi. Na hapa kwenu vilevile, iko magharibi, huko nyuma ya kabati. Hakina habari ya majini. Hakimrudishi mtu. Mama wa mke wangu, mtu wa huko Ulaya, alikuwa nacho cha namna hii ukutani maisha yake yote, akikitazama kila siku, na alikufa hamjui mke wangu ni nani."